Pikipiki Yako Haina Taa Tena

Mtani wangu Mhina,

Pikipiki yako haina taa tena. Nimeing'oa mimi mwenyewe, na honi, na madigadi yote mawili, na stendi, na ile keria uliyokuwa ukimpakia mama yako kumpeleka Kigombe kwa dada yake. Vyote nimevipanga ndani ya kasha la chai, juu nimefunika gunia. Kama una neno, njoo uniambie. Huna? Basi nisikilize.

Nakuandikia hapa kiwandani, saa ya mapumziko. Mashine za mkonge zimezimwa na wenzangu wanakula. Wakiniuliza naandika nini nitawaambia ni barua ya nyumbani Tabora. Si uongo mkubwa sana.

Kwanza nikukumbushe ulivyokufa, maana huku kila mtu ana lake. Ulikufa kwa homa. Dresa wa hospitali alisema malaria imepanda kichwani, na mimi nilikuwapo, nilikushika miguu ulipokuwa ukitetemeka. Siku tano. Lakini wiki moja kabla ya hapo pikipiki ilikuangusha karibu na Tongoni ukachubuka kiwiko, na hilo ndilo watu walilolishika. Kiwiko, Mhina. Mtaa mzima wa Ngamiani unasema umeuawa na pikipiki kwa kukuchubua kiwiko. Wengine wanasema ina jini, la jeshini huko ulikoitoa. Wanawake wakipita uani kwenu, ilipoegeshwa, wanawavuta watoto wao upande wa pili.

Baba yako mkubwa ndiye aliyeanza. Alisema mbele ya watu, siku ile ile ya mazishi, "Chuma kile kimemla mwanangu." Akaapa kwamba arobaini ikiisha atakitia nyundo na vipande vyake vikatupwe baharini.

Siku ya tatu ya matanga nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa koti lako la jeshi na ile miwani yako ya vumbi, nikapita katikati ya waliokaa jamvini nikitembea kama wewe, kifua mbele, nikiwaomba wasichana maji ya kunywa kwa sauti yako ya kujidai. Walicheka mpaka wakalia, na mimi ndani ya miwani nilikuwa nalia tangu nilipoivaa. Kisha nikaenda kuipanda pikipiki pale ukutani, nikatangaza kwamba sishuki mpaka nikombolewe. Desturi unaijua: mtani akishika kitu cha marehemu, wenye msiba wamkomboe, na wasipomkomboa kitu ni chake.

Baba Mkubwa alileta jogoo. Nikamwambia huyu hana gia. Akaniuliza, "Mnyamwezi wewe, babu yako alikuja pwani na mzigo kichwani. Chuma chenye moto utakiweza wapi?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana ukoo wetu unataka kupumzisha kichwa. Hapo mama yako alicheka. Alijificha kwenye kanga, lakini nilimwona. Hakuwa amecheka tangu tukuzike, wala hakuwa amekula. Akasema, "Mwacheni nayo."

Nikadhani nimeipata. Kumbe Baba Mkubwa aliona ule ni mzaha tu, na jamvi likishakunjwa mzaha umekwisha. Baada ya kisomo cha arobaini alikuja na nyundo kweli. Ile kubwa, ya kuvunjia mawe. Nilisimama mbele ya pikipiki. Unajua mimi si mtu wa kugombana. Hata wewe ulikuwa ukinicheka kwamba nagonga msumari kwa kuuomba radhi. Lakini siku ile sikuondoka. Nilimwambia, "Shikamoo Baba Mkubwa, nyundo hiyo itaanza na mimi."

Mama yako ndiye aliyetutenganisha. Alimwambia shemeji yake angoje, ana swali la kuniuliza. Akanivuta mpaka jikoni kwake, penye ule mtungi wa mafuta, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maganga, ni mafuta yangu?"

Mhina, unayakumbuka yale mafuta.

Wewe ndiye uliyekuja na habari hiyo. Ulisema kule vitani askari wa Kizungu wakipewa mapumziko walikuwa wakienda kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kazi, wanang'oa taa za pikipiki zao za barabarani, wanashindana kuzunguka mpaka jua lizame, na injini zao wanazinywesha mafuta ya nyonyo kwa sababu hayaogopi moto. Ulisema na wewe unataka siku moja uzunguke mahali pasipo na ng'ombe wala baiskeli wala askari wa kukusimamisha. Mama yako akakuuliza, "Mnakwenda wapi huko?" Ukamwambia, "Hatuendi popote, Mama, tunazunguka." Akasema basi zungukeni hapa uani, mniokotee na kuni. Ulipomwomba mafuta ya nyonyo akacheka zaidi: "Hao Wazungu wanafunga choo mpaka mashine zao?" Lakini alikupa. Chupa mbili, za mbegu alizozichoma na kuziponda kwa mikono yake.

Tukayatia. Kesho yake, karibu na Tongoni, injini ikakaba, gurudumu la nyuma likajifunga, ukabwagwa. Tuliisukuma mpaka mjini. Na ulipofika, ukiwa na damu kwenye kiwiko na majirani wamesimama, ulimwambia mama yako, "Mama, mafuta yako yamenibwaga."

Najua ulikuwa unatania. Ulikuwa unatania kila mtu, na mtu wa namna hiyo husahau kwamba si kila mtu ni mtani wake. Yeye aligeuka akaingia ndani. Baada ya wiki ukafa, na neno lile hukulirudisha. Alikaa nalo siku arobaini. Watu waliposema pikipiki ina jini, yeye alikuwa akisikia: ni mafuta yako.

Basi pale jikoni nilimwambia sijui. Nilitaka kusema siyo, lakini sikuwa na hakika, na mama yako si mtu wa kupewa maneno ya kutulizia mtoto. Nikatoka nikamwambia Baba Mkubwa anipe muda niifungue. Akafikiri, akasema nitengeneze ninavyotaka, kisha niipande mbele yake kwa mwendo wake wote. Ikinirudisha mzima hataigusa. "Ikikutupa naivunja," akasema, "halafu nakuja kukucheka kaburini kwako, maana na mimi ni mtani wako."

Basi nikaifungua. Jioni baada ya jioni, nikitoka kiwandani tu, mpaka adhana ya magharibi. Kisanduku chako cha spana kuku wa jirani alikuwa ametagia ndani, nikamhamisha na mayai yake. Ndani ya tangi la oili nilikuta uji. Si mafuta tena, uji mzito kama ute wa bamia, umeziba ile njia nyembamba inayopeleka oili kwenye injini. Nikakaa chini nikautazama.

Nikachukua vikombe viwili vya kioo. Kimoja nikatia mafuta ya mama yako peke yake. Cha pili nikayatia pamoja na oili kuukuu ya kawaida, nikakoroga, nikaviweka dirishani. Baada ya siku tatu kile cha kwanza kilikuwa safi, ungeweza kusoma gazeti kwa upande wa pili. Cha pili kilikuwa kimejitenga, juu rangi moja, chini uji.

Hapo nikakumbuka ni nani aliyesema tusiimwage oili kuukuu. Wewe ulikuwa umekwisha shika spana ya kufungulia. Ni mimi niliyekushika mkono nikasema oili bado nzuri, ni dhambi kumwaga, tuongezee tu hayo ya Mama juu yake. Mimi, Mhina. Nimelelewa hivyo, sufuria yenye mchuzi wa jana haimwagwi. Ukaniambia haya, mtani bahili. Ukaacha.

Nilivipeleka vile vikombe kwa mama yako. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikaviweka mbele yake nikamweleza yote, na neno la kutokumwaga nikalisema kwa mdomo wangu. Nikamwambia mafuta yake hayana kosa, kosa ni letu, na kosa lenyewe lilikuchubua kiwiko tu, homa ilikuja peke yake kama inavyowajia watu wengine. Kisha nikamwomba radhi kwa niaba yako, kwa lile neno la mbele ya majirani. Sikujua kama mtani ana haki hiyo. Niliichukua.

Alikishika kile kikombe safi akakigeuza geuza kwenye mwanga. Akasema, "Kumbe ni nyinyi wawili mliokuwa wajinga. Mimi nilidhani ni mimi." Halafu akalia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi. Nilikaa naye. Alipomaliza alifuta uso, akaniagiza nikamnunulie mbegu za nyonyo, kikapu kizima, na nisiwe bahili.

Safari hii niliiosha injini kwa petroli mara tatu. Yeye aliyachemsha mafuta mpaka chungu kikanyamaza, kwa sababu, alinifundisha, kikiwa bado kinanong'ona kina maji. Hilo wewe na mimi tusingelijua. Nilibadili gurudumu la meno la nyuma, lile la mnyororo, nikachongesha jingine dogo hapa karakana ili ikimbie zaidi. Usukani niliushusha, vikanyagio nikavirudisha nyuma mpaka magoti yakanibana kama mtu aliyepanda mbuzi. Kila boliti ya oili nimeitoboa nikaifunga kwa waya isije ikadondoka.

Jumapili tukaenda. Ule uwanja wa zamani wa ndege kwenye shamba la mkonge, ambako Wazungu na Wahindi wachache hukusanyika na klabu yao kuzungusha magari na pikipiki. Unakumbuka mwaka jana ulivyofukuzwa na karani wao, akakuambia mashine ya barabarani haiingii: taa ni kioo, kioo kikivunjika kinakata matairi. Ukaniambia sawa, tutaondoa kioo. Nimeondoa kioo. Nilipofika aliitazama juu mpaka chini, akatafuta sharti jingine, kwamba wanaoendesha ni wanachama. Nikamwambia, taratibu tu, kwamba mwaka jana sharti lilikuwa taa, na aliyepewa sharti hilo amelitimiza, na kama kuna sharti la rangi ya mikono aliandike ubaoni tulisome wote.

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nadhani ni koti lako.

Nyuma yangu manamba, wale vibarua wa mkataba wa shambani, walikuwa wamejaa kwenye ua wa mkonge wakitazama. Akaja yule Mgiriki fundi mkuu wetu wa kiwanda. Akachuchumaa, akavuta waya za boliti moja moja, akafungua tangi la oili akanusa. Akanitazama. Akasema mizunguko mitatu, peke yangu, wao wakiwa wanakunywa chai. Karani akageukia pembeni.

Wanakunywa chai, Mhina! Ulitaka kushindana, nimepewa uwanja mtupu na migongo ya watu wenye vikombe. Nilitaka kukataa. Halafu nikamwona mama yako ameshuka kwenye lori la mkonge na Baba Mkubwa, ameshika chupa ya mafuta ya akiba kifuani kama mtoto, nikapiga kiki.

Mzunguko wa kwanza niliogopa. Nakuambia wewe, usimwambie mtu. Wa pili niliacha kuogopa kona ya mashariki. Wa tatu nilifungua yote, na ile pikipiki yako, ile wanayosema ina jini, ililia sauti moja isiyokatika, na nikajua ulichokuwa ukikieleza usiweze kukieleza, barabara isiyokwenda popote. Manamba walianza kupiga makelele. Nilipokaribia mwisho nikaona migongo imegeuka, vikombe vimesimama hewani. Karani alitoka na kibendera chake kunisimamisha.

Nikampita. Walinipa mitatu, nimekwenda minne. Ule wa nne si wangu wala si wao.

Nilipozima, moshi ulikuwa umetanda mpaka kwenye ua. Mama yako alikuja akasimama karibu, akavuta pumzi, akafumba macho. "Pananukia kama jikoni kwangu," akasema. Kisha akamgeukia Baba Mkubwa akamwonyesha mimi, mikono yangu, magoti yangu, vyote vikiwa mahali pake. Mzee naye alizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma. Mwishoni akaniuliza kama naweza kumfikisha barabarani, miguu inamuuma. Nikamwambia, "Nikupakie wapi, Baba Mkubwa? Keria imo kwenye kasha." Akanitukana matusi mazuri ya utani, ya ukoo mzima. Nyundo ameirudisha kwa mwenyewe.

Karani amesema nisionekane tena pale. Nitaonekana. Klabu ikikutana tena nitakuwa langoni, na sharti jingine watakalolitunga nitalitimiza, na linalofuata, mpaka wachoke wao. Mama yako amekwisha loweka mbegu.

Honi ya kiwanda imelia, lazima niende. Kaburi lako nimelipalilia, na ile miwani naivaa mimi sasa, kamba yake imekatika nimeifunga kwa uzi wa mkonge. Nakuahidi mambo mawili. Mama yako hataambiwa tena na mtu yeyote kwamba mafuta yake yalikubwaga, si mbele yangu. Na taa siirudishi.

Wewe pumzika, mtani. Mimi nimebakiza nusu tangi.

Maganga