Jezi Yenye Matope

Alhamisi, 19 Septemba

Basi nikamwambia iko kwenye kasha, juu ghorofani, chini ya mashuka. Nilisema hivyo hivyo, uso mkavu — na jezi haipo! Miaka thelathini na sita haipo.

Ngoja. Simu, usikimbie. Mjukuu wangu Halya ndiye kaniwekea hii simu inayoandika mtu akisema, maana mimi na kalamu hatujuani. Akasema, Bibi, ni siri yako, hakuna atakayesoma. Haya, tuone.

Ilikuwa hivi. Asubuhi mwanangu Orest kaja na kofia mkononi. Watu wa timu wamempigia simu kutoka mjini. Jumamosi ya wiki ijayo wanaliandika jina lake kwenye ukuta wa uwanja, pamoja na vigogo! Nilipiga kelele mpaka paka akaingia chini ya jiko. Mwanangu! Misimu kumi na mmoja alidaka mpira, ule wa umbo la yai unaorushwa kwa mikono, kwa ajili ya mkoa huu, na mkoa haujasahau.

Ndipo akasema, Mama, wanaitaka na ile jezi ya fainali, namba sabini na moja, waiweke kwenye kabati la kioo. Si unayo?

Nikasema ninayo.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina siku tisa.


Ijumaa, 20 Septemba

Leo nimekata kabichi nne, mgongo umekataa ya tano.

Watu wa magazeti walikuwa wanamuuliza, Orest, ulijifunzia wapi kudaka? Anawatajia makocha! Makocha gani? Ni mimi! Nilikuwa nakata kabichi shambani, namrushia yeye amesimama juu ya mkokoteni. Miaka saba anayo. Kabichi ikianguka inapasuka, ikipasuka inaozesha pipa zima, tunakula nini mpaka masika? Akidondosha moja namwambia, haya, hiyo ni mboga yako ya Krismasi. Akaacha kudondosha. Kushoto, kulia, nyuma ya kichwa — anadaka tu.

Mimi ndiye mrushaji wake wa kwanza. Waandike na hilo ukutani.


Jumapili, 22 Septemba

Baada ya ibada padri katangaza mbele ya watu wote. Wakapiga makofi kanisani! Orest akawa mwekundu kama supu ya bitiruti. Miaka sitini na sita, ameendesha basi la shule miaka ishirini na tano kwenye theluji bila kumkwaruza mtoto wa mtu, na bado anaona haya.

Jirani yangu Olha Kowbel alinikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya.


Jumanne, 24 Septemba

Siku ya pirohi, zile sambusa zetu za kuchemsha, ukumbi wa chini wa kanisa. Wanawake kumi na mmoja na Orest mmoja. Tunajaza viazi na jibini, tunafinya kingo, dazeni mia mbili.

Vidole vya Orest vimepinda kila kimoja na njia yake. Olha kaokota pirohi yake moja, kaiinua kwenye mwanga wa taa.

"Tazameni! Hii inavuja kama paa la zizi."

"Shangazi Olha, vidole hivi vilileta kombe."

"Kombe haliliwi, baba. Finya!"

Tulicheka hadi unga ukaruka. Orest naye anacheka, anafinya, inavuja. Basi Olha akanivuta kwenye sinki, akafungua maji ili asisikike.

"Paraska, umemwambia?"

Nikasema bado.

"Unangoja nini, afike uwanjani na kasha tupu? Mwambie wewe, au nitamwambia mimi. Nilikuwepo."

Kweli alikuwepo. Yeye alishika mikono, mimi nikavisha.


Jumatano, 25 Septemba

Haya. Niseme. Simu, andika.

Mume wangu Wasyl hakumwona Orest akicheza. Hata mara moja! Msimu wa mpira na msimu wa mavuno ni mmoja, na ng'ombe wanataka kukamwa asubuhi na jioni, hawajui fainali. Kila mwaka anasema, tukimaliza ngano. Ngano ikiisha kuna uzio. Uzio ukiisha kuna theluji. Lakini radio yake ndogo aliifunga kwa waya ndani ya kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, na kila Orest akidaka, jioni anakwaruza alama kwa msumari kwenye mlango wa ghala. Alipokufa nikaendelea mimi. Timu inasema alidaka mara mia sita arobaini na mbili. Mlango unasema na tatu. Namwamini mlango.

Fainali ilikuwa Novemba, ngano iko ghalani, tiketi iko juu ya kabati. Wasyl alinyoa ndevu! Usiku theluji ikafunga barabara mpaka kwenye madirisha. Tukasikiliza jikoni. Dakika ya mwisho, timu yetu iko nyuma, jaribio la tatu la kusogeza mpira — na kwetu ni matatu tu, si manne kama kwa Wamarekani — mpira ukaruka juu, mtangazaji akanyamaza. Halafu uwanja wote ukalia kama upepo. Orest kadaka kwa mkono mmoja, vidole viwili vimevunjika, vimefungwa pamoja kwa plasta. Wasyl akainuka. Alivaa makoti mawili, akatoka na msumari wake kwenye tufani.

Krismasi Orest akaja na jezi. Ina matope ya uwanja, na damu kidogo. Akasema, Mama, itunze, usiifue.

Mwezi wa pili Wasyl akaanguka zizini. Ardhi imeganda kama chuma, walichoma majani makavu siku mbili ndipo jembe likaingia. Mimi na Olha tukamwosha. Tukatoa shati lake lililotariziwa, lile la arusi, kama desturi. Nikamtazama. Nikapanda juu, nikaichukua jezi, nikamvisha kwanza hiyo, ndani, halafu shati juu.

Olha akasema, Paraska! Unamzika na uchafu?

Nikamwambia, huu si uchafu. Huu ni uwanja. Hakwenda uwanjani, uwanja umemfuata.

Sijutii! Najutia kunyamaza tu. Orest alikuwa analia pale kaburini, nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo ndiyo leo.


Alhamisi, 26 Septemba

Nilijaribu. Alikuja kuniwekea kuni. Nikasema, Orest, kaa, kuna jambo. Akakaa. Nikamuuliza kama anataka keki.

Kala vipande vitatu. Akaanza kunisimulia Wamarekani wa ng'ambo ya mpaka walivyomrudisha nyumbani alipokwenda kujaribiwa na timu yao akiwa kijana. Walimsimamisha tuli, wakasema, kimbia! Wakapima, wakasema mzito. Kwao mdakaji anasubiri kama nguzo ya uzio mpaka mpira utoke. Kwetu anaruhusiwa kuanza kukimbia kabla. Baba yake alimwambia, wewe si mzito, wewe ni kombaini — ikishachanganya, nani ataisimamisha?

Akaweka uma chini. Akasema, "Mama, kesho nikiishika hiyo jezi, nadhani nitamsikia."

Nikakata kipande cha nne.


Ijumaa, 27 Septemba

Asubuhi nimekwenda ghalani peke yangu na fimbo. Radio ya Wasyl, niliyoitoa kwenye kombaini alipokufa, bado ilikuwa kwenye msumari, na waya wake. Kitufe kina grisi ya kidole chake, sijaifuta na sitaifuta. Nimeweka betri mpya, stesheni sikuigusa. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye kasha, chini ya mashuka, pale pale nilipodanganya. Wakitaka kitu cha kabati la kioo, waiweke hiyo. Lakini neno lenyewe nitalisema. Nimejizoeza mbele ya paka mara tatu.

Gauni la bluu liko tayari. Halya anasema watanikalisha mbele. Watasoma jina lote, si nusu, na jina lote lina baba yake ndani.

Gari. Ni Orest, kaja kuchukua jezi.

Nimemwambia, panda mwenyewe, miguu yangu imekataa. Kapanda mbio. Nikabaki hapa na wewe, simu, mwoga mimi.

Kasha limefunguka. Bawaba zile nazijua.

Anatoa mashuka.

Sasa kitambaa.

Ah — ameiwasha! Inakwaruza... inasema. Bei ya ngano! Mungu wangu, mtu anatangaza bei ya ngano, kama siku zote.

Ameizima. Hatembei. Nangoja aseme iko wapi, Mama, iko wapi.

"Mama!"

Nipo!

"Mama, njoo huku juu. Pole pole. Shika ubao, ngazi zinateleza."

Nakuja, mwanangu! Wewe simu baki hapo mezani. Hili nitamwambia bila wewe.