Joho la Kimo cha Mama

12 Februari

Mdogo wangu, Mhubiri wa Kuku,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, na kitambi changu kina afya kuliko mwenye nacho. Wewe na waumini wako mwaonaje hali?

Asiyejiweza ni Mama. Daktari amesema tumpe chochote anachokitamani, na daktari akifika hapo ujue dawa zimekwisha. Sasa yeye hatamani chakula. Anataka umzike wewe, umesimama mimbarini na joho lako, katika kanisa alilolifagia tangu sisi hatujazaliwa. Nikamwambia, "Mama, kwetu mwanamke hapandi pale."

Akasema, "Mimi hupanda kila Jumamosi na ufagio. Nani amewahi kunishusha?"

Basi mimi, na uzee wangu wa kanisa, nikamwahidi kumsemea. Ombi lake nitalipeleka kwenye baraza la wazee. Joho nishalinunulia kitambaa, nitumie vipimo.

Kaka yako, fundi

27 Februari

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Waumini wangu ni wachache, ila wakiimba utadhani ni umati. Habari za Mama zimenikata maini.

Huku naitwa Mchungaji. Huko najua nitaitwa dada yake fundi. Usigombane na wazee. Ugomvi hukuuweza hata utotoni, nilipokuwa nawahubiria kuku wakakufukuza wewe. Lakini ombi la Mama nenda ukaliombe umesimama, usiliombe umekaa.

Vipimo vya nini? Mpime Mama. Tuna kimo kimoja. Wewe mwenyewe ulikuwa ukichanganya magauni yetu kwenye kamba.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Mimi ni wa kuhurumiwa tu.

Barazani nilisimama. Nikalisema ombi la Mama lote. Mchungaji wetu akasema kwa upole, "Fundi, dada yako tunampenda. Atoe shukrani za familia, pale chini, bila joho."

"Na akihubiri?"

"Basi mama yenu azikwe kutoka nyumbani. Kengele, kwaya na umoja wa wanawake, msivitegemee."

Nilipomweleza Mama, aligeukia ukuta. "Kwa hiyo nichague," alisema. "Binti yangu, au wenzangu." Hadi leo hajachagua, nami sithubutu kumuuliza.

Ila nikusimulie la kipimo. Alisimama kwenye kigoda karakanani kwangu, mkono mmoja ukutani, pini zimemjaa mabegani. Nikamwambia, "Mama, usitikisike." Yeye akanyoosha mkono: "Wapendwa, ketini."

Nikaketi! Akaihubiria cherehani, pasi ya makaa na mimi. Alisema habari za wale wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu alfajiri. "Walitumwa wakaseme," alisema. "Hawakuambiwa wakasemee pale chini." Alipofika kwenye amina nilikuwa bado nimeketi, pini mkononi. Naye akagoma kulivua joho, chai ikampoa.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Simu yako ya msiba nimeipokea. Leo sina salamu.

Mpeleke Mama kanisani. Kengele ilie, wenzake wamwimbie. Hawezi kuondoka bila sauti alizoimba nazo maisha yake yote, eti kwa sababu yangu. Nitakaa benchi la wanawake. Joho usilete. Nikiliona sitaweza.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Uliondoka makaburini moja kwa moja, hata chai hukunywa. Wala sikulaumu.

Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema Mama alikuwa msaidizi mwema. Ulipoitwa kushukuru, ulisimama, ukasema "Asanteni," ukaketi. Neno moja! Wewe uliyekuwa ukihubiri mpaka kuku wanasinzia!

Ulisema nisilete joho. Nililileta. Lilikuwa ndani ya mfuko, chini ya benchi la wazee. Nilisema moyoni, likitokea upenyo nitasimama nikuvishe. Kumbe ibada nzima nilikuwa nalisukuma ndani kwa kisigino lisije likaonekana. Ndio ushujaa wa kaka yako huo.

Uzee wa kanisa nimeuacha, bila hotuba. Nafagia. Jumamosi hakuna mwingine wa kufagia, na mimi ufagio unanijua kidogo tu, kama ninavyoujua mlango wa jiko. Nikifika pale mimbarini nafagia polepole.

Joho nakutumia. Alama ya kisigino nimeifua.

Kaka yako

6 Julai

Kaka, shikamoo.

Sijambo. Nilikawia kukujibu, nivumilie.

Joho limefika. Ni fupi. Linaishia katikati ya miundi, naonekana kama mtu anayetaka kuvuka kijito. Mimi na wewe tulikumbuka kimo cha Mama, tukasahau kwamba alikuwa amepungua vile.

Nimeona umeacha kitambaa kwenye upindo, na najua utasema nikurudishie uliteremshe. Usiseme.

Nililivaa Jumapili. Watu walitazama miguu yangu, na watoto wakacheka. Nilipanda, nikanyoosha mkono, nikasema, "Wapendwa, ketini."

Wakaketi. Ikabidi wanisubiri, maana sauti niliyoisikia ilikuwa ya Mama.

Mdogo wako