Asiyesalimia Hasagiwi

Jumatatu, 2 Juni
Sikio la kushoto lilikufa mwezi wa tatu, baada ya ile homa. Daktari kasema halirudi.
Nimefungua dirisha la mashine ya kusaga saa moja, kama kawaida. Wateja kumi na tisa. Kumi na mmoja nimewarudisha waseme upya. Mdogo wangu Deo, mbia wangu, naye alikuwa anahesabu. Jioni kanitangazia: kuanzia Jumamosi mke wake anakaa dirishani, mimi nyuma, nishone viroba. Mashine niliianzisha mimi, kwa fedha ya ulezi niliouza kwa kopo. Yeye kaja mwaka wa sita.


Jumanne, 3 Juni
Nimeanza kuandika kwenye daftari. Katika maneno kumi ya kwanza ya kila mtu, nimesikia mangapi. Jirani yangu wa mtaa wa Izia: tisa. Dereva wa Muze, mgeni, anameza maneno: matatu. Na huyo dereva ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Jumatano, 4 Juni
Mzee wa Kasense. Mgeni kabisa, Kiswahili kimelala juu ya Kifipa. Nilimpa shikamoo, akaniuliza nyumbani, watoto, shamba, ng'ombe, baridi. Alipofika kwenye mahindi nilipata tisa.
Nyuma yake kijana: "Mambo, piga dona debe mbili chap!" Mawili kati ya sita. Akamgeukia mwenzake: "Bi mkubwa mtandao unasumbua." Wakacheka.
Hilo nililipata lote. Sauti yake nilikuwa nimeshaizoea.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeandika ukutani kwa mkaa: ASIYESALIMIA HASAGIWI. Wamenung'unika. Wamesalimia. Namuuliza kila mtu katokea wapi, kwao kukoje, huku sikio linamshika. Wateja ishirini na wawili, waliorudia wawili. Dereva wa Muze, siku ya tatu: saba.

Ijumaa, 6 Juni
Nimempa Deo daftari. Hakulifungua. Eti foleni ndefu, watu wanahama. Wamehama wangapi? Hajui.
"Dada, usijitese. Wanakuonea huruma."
Maneno manne. Nimepata manne.

Jumamosi, 7 Juni
Baridi. Mashine haijawashwa. Uji umepoa, sijaugusa. Ufunguo wa dirisha ninao mimi. Wifi hajafika.
Daftari nimelilaza juu ya mzani, ukurasa wa Alhamisi. Mlangoni nimembandikia Deo karatasi:
Saa mbili kamili. Simama mbele yangu, upande wa kulia. Nisalimie kwanza. Halafu niambie: mimi nakaa dirishani, au sikai?