Mama Mchungaji Ameondoka na Kitabu Changu

Wakio na Baba Wakio,

Maharagwe yako kwa sufuria, pasheni moto. Maji yakija, jazeni mitungi yote.

Nani kati yenu alimwambia mama mchungaji nasoma vitabu vya uchawi? Amekuja asubuhi kuniombea, mimi bado niko na leso. Ni hadithi ya malkia na joka lake. Naisoma mitungi ikijaa, kurasa mbili tu, na hakuna siku mmelala njaa.

Amekibeba, ati anaenda kukichoma. ~~Msinitarajie leo.~~ Namfuata Wundanyi, nitarudi jioni.

Nimempigia sasa hivi anirudishie. Anasema ningoje Jumapili, malkia ndio kwanza ametiwa gerezani. Mimi hata sikuwa nimefika hapo.

Mama