Ng'ombe wa Mjukuu

Jumapili, Kitahana. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Wageni wangu wameondoka, kila mmoja na njia yake, na mimi nimekaa na madaftari ya watoto mbele yangu, sijasahihisha hata moja.

Niandike tu. Labda kifua kitapungua uzito.

Marehemu mama yangu alikuwa Mrundi, akaolewa huku na Muha. Dada yake, mama mkubwa Spesioza, alibaki Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Mabamba, analima maharage. Ana binti mmoja tu, Joselina, aliyeolewa Rwanda. Zamani hilo halikuwa jambo. Mama mkubwa alipanda basi asubuhi, jioni yuko kwa bintiye. Kisha nchi hizo mbili zikanuniana na mpaka kati yao ukafungwa. Joselina akajifungua mtoto wa kiume, Elia. Elia sasa anakimbia na kuongea, na bibi yake alikuwa hajawahi kumbeba.

Wazo lilikuwa langu. Sisi huku hatujagombana na yeyote, nikawaambia, basi njooni mkutane kwangu. Joselina apite Rusumo na Nyakanazi, mama mkubwa apite Mabamba. Nilijisifu kwa wazo hilo mwezi mzima. Hata walimu wenzangu niliwasimulia.

Joselina alifika Ijumaa. Mama mkubwa alifika jana kabla ya saa sita, vumbi mpaka magotini. Kwao mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo alitembea hadi mpakani ndipo akapata bodaboda. Alipomwona Elia alipiga vigelegele, akakaa chini pale pale mlangoni na kufungua mikono. Mtoto alilia kwa woga, baadaye akamzoea, akamvua kilemba. Sote watatu tulilia.

Saa ile ilikuwa nzuri. Sitaki yaliyofuata yanisahaulishe.

Tulipomaliza kula, mama mkubwa akafungua fundo la kitenge chake, akatoa bunda la faranga. "Huyu ni ng'ombe wa mjukuu wangu," akasema.

Kwetu ng'ombe si zawadi ya hivi hivi. Bibi akimpa mjukuu ng'ombe, amemwambia: wewe ni wetu. Alianza kuziweka faranga hizo Joselina alipopata ujauzito, msimu wa maharage hadi msimu wa maharage. Kwa hesabu zake za mwanzo, huyo alikuwa mtamba mzima. Lakini thamani ya faranga imekuwa ikiyeyuka ndani ya gunia alimozificha, naye hakuna aliyemwambia.

Joselina akasema kwa upole kwamba huko kwake hazitapokelewa. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema nipeni nikazibadilishe Kibondo mjini.

Mzee Shabani, mwenye duka la vitenge, ndiye hutusaidia kubadilisha. Alizigeuza geuza mkononi. "Mwalimu, nazipokea kwa sababu yako," akaniambia. "Mimi mwenyewe sijui nitampa nani." Alichonipa kingenunua mbuzi wawili. Labda na jogoo.

Sasa nikiri. Mshahara wangu ulikuwa kwenye simu. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya bodaboda, niliwaza kuongezea, mama mkubwa apate ng'ombe wake kamili na asijue kitu. Sikuongezea. Nilijiambia ni mtu mzima, ana haki ya kujua ukweli.

Hadi sasa sijui kama ile ilikuwa heshima au uchoyo.

Nilipoziweka mezani na kueleza, mama mkubwa aliinamisha kichwa. Joselina alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoharibu. "Mawe, usijali," akamwambia mama yake kwa Kirundi, kwani kwao mama ni mawe. "Rudi nazo zikusaidie. Baba Elia atamnunulia mtoto ng'ombe."

Mama mkubwa akainua kichwa. "Yaani pesa yetu imekuwa uchafu mbele ya watu wa huko? Si hao hao waliotufikisha hapa?"

"Mawe, mpaka hawakuufunga wao. Mliufunga nyinyi."

Alisema *mwebwe*. Nyinyi. Amezaliwa Burundi, kitovu chake kimezikwa kule, na alimwambia mama yake "nyinyi".

"Sisi?" Mama mkubwa alikuwa amesimama. "Na nyinyi mnaowafuga waasi wanaotaka kuja kutuua?"

Baada ya hapo yakaja maneno ya redioni, ya kwenye simu, ya viongozi. Yalitoka vinywani mwao kana kwamba ni yao. Elia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaja kujificha kwenye sketi yangu. Nilipaswa kupiga kelele. Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha.

Hakuna kati yao aliyefunga mpaka wowote.

Leo alfajiri Joselina alimfuata mama yake uani, akapiga magoti kwenye majani yenye umande. "Mawe, umbabarire," akasema. Mama, nisamehe.

Mama mkubwa alikuwa anafunga mzigo wake. Alimjibu kwa Kiswahili. "Hakuna shida."

Kiswahili chake ni kile cha sokoni Mabamba, cha kuulizia bei na kuagana na wanunuzi. Sijawahi kumsikia akikitumia na bintiye. Joselina alibaki magotini kama mtu aliyefungiwa mlango. Mama mkubwa akambusu Elia utosini mara mbili, akapanda bodaboda. Zile shilingi alikataa kuzigusa. Joselina naye alikataa. Nimezifungia kabatini, na sioni ni za nani.

Saa nne nikamsindikiza Joselina kwenye basi.

Mchana alinipigia kutoka Nyakanazi, Elia analia pembeni. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, mama alisema chochote kabla ya kuondoka?"

"Alisema mfike salama," nikamjibu. "Alisema anakupenda."

Hakusema. Jana nilishindwa uongo mdogo wa kuongezea pesa kimya kimya, nao ungetuokoa sote. Leo umenitoka wenyewe kinywani, umechelewa. Nilimsikia Joselina akivuta pumzi, akashukuru, simu ikakatika.

Shule zikifunga nitavuka Mabamba kwa miguu yangu. Nitamweleza mama mkubwa kwamba mshahara nilikuwa nao siku ile. Akinifukuza, anifukuze. Asiponifukuza, nitakaa naye shambani hata wiki nzima, nimwombe amtumie Joselina maneno yale yale niliyomsingizia, kwa sauti yake, kwa Kirundi, yapate kuwa kweli.