Kabati Jekundu la Mama

Kaka yangu,

Kabati jekundu la Mama lilitoka nyumbani Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi uliopita, saa nne na robo asubuhi, kwenye gari ulilokodi wewe. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua: ukishasoma salamu unakunja barua. Sasa, hujambo? Wifi naye mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama ni mzima kuliko tulivyodhani, na hiyo ndiyo habari iliyonikalisha chini kuandika, maana kwenye simu hunikata kabla sijafika kwenye hesabu.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mama alikwenda kwa mama mdogo siku kumi na mbili, nasi tukasema akirudi akute nyumba mpya. Wewe ulisema sebule ile imekuwa kama duka la vitu chakavu, sikukubishia. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya rangi. Nilianza na brashi moja ya kuazima, leo nina mafundi wanane, na muda wote huo nimepaka weupe maofisini na kwenye nyumba za wenye uwezo hadi nikaamini mtu aliyeendelea hana rangi nyingine. Basi nikapaka kwa mikono yangu mwenyewe. Kijani cha kuta, njano ya fremu za milango, bluu ya madirisha, vyote nikavizika kwa ndoo saba. Wewe ukaleta meza nyeupe na viti vyeupe, ukaondoka na kabati ukisema lisiozee bure. Sanduku la njano lenye misumari ya shaba nikaliweka stoo kwangu, na kile kiti cha bluu cha bibi kikaenda kwa jirani yetu mshonaji.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akauliza hii ni nyumba ya nani. Tukacheka, tukadhani anatania. Siku ya pili alimimina chai mezani, kando ya kikombe. Siku ya tatu alikaa pasipo na kiti. Mshonaji alimkuta akilikaribisha pazia, analiambia likae lisione haya. Alikuwa akitafuta choo anaingia stoo. Ukaniambia kwenye simu kwamba akili imeshamtoka na tuanze kufikiria pa kumpeleka. Nililala na maneno yako wiki nzima.

Tarehe nne mwezi huu nikampeleka hospitali. Wakampima damu, wakampima presha, wakamuuliza maswali ishirini ya akili. Akajibu kumi na tisa, na la ishirini akamwambia daktari kuwa ni swali la kipuuzi. Kisha wakampeleka chumba cha macho, na huko ndiko ukweli ulikokuwa. Daktari wa macho alinieleza taratibu kwamba Mama haoni kingo za vitu, hasomi sura ya mtu, na hali hiyo si ya jana wala juzi. Kinachomfikia bado ni rangi, tena zile kali, zikikaa pamoja kwa mafungu makubwa. Aliniuliza nyumbani anakoishi kukoje. Nikamwambia ni kweupe. Akaweka kalamu chini.

Njiani Mama alikiri mwenyewe. Ni mwaka wa nne huu. Alituficha kwa sababu aliogopa tungemtoa kwenye nyumba yake. Kiti cha bluu ndipo pa kukaa. Sanduku la njano, geuka kulia, choo. Kabati jekundu ni ngazi mbili za kushukia jikoni: shika ubavu wake, shuka. Kumbe zile safari zote alizokuwa akiniita niongeze wekundu kwenye kabati eti limepauka, safari tano kwa mkono wangu, nami nikimnung'unikia kuwa anapenda makuu kama bibi harusi, alikuwa anaongeza mwanga wa njia yake.

Kaka, sijui wewe utalichukuliaje hili. Mimi niliegesha gari pembeni nikalia kwa furaha. Mama yetu ana akili zake zote! Alinisubiri nimalize, akaniuliza kama gari limeharibika.

Nimerudisha kila kitu isipokuwa kabati. Siku nne, rangi sita. Mshonaji aligoma kutoa kiti, akidai tangu akikalie magauni yanashonwa yenyewe. Nikakibeba yeye akiwa bado anajitetea. Sahani za mapambo tulizozishusha, thelathini na moja, nimezirudisha ukutani, zulia lake la zambarau nimelitandika, na hizo meza zako ziko uani zinakusubiri. Na jambo la kushangaza ni hili: watu hawatoki. Daktari wa meno niliyempakia kliniki nyeupe kama chumvi alipita hapa kwa Mama kuchukua stakabadhi, jambo la dakika tano, akakaa dakika arobaini. Akazunguka kushika misumari ya shaba, akauliza kijani kile nakichanganyaje. Sasa anakitaka nyumbani kwake, na wengine wawili baada yake. Niliona haya. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia wateja kuwa vitu vya bibi zetu vimepitwa na wakati, na watu walikuwa na hamu navyo, wanangoja tu mtu awaruhusu.

Mama anatembea. Kutoka kitini hadi chooni hatua tisa, hagusi ukuta. Palipobaki ni pale kwenye ngazi. Nilichora ukutani umbo jekundu lenye vipimo vya kabati, mita mbili na sentimita kumi kwa moja na ishirini na tano. Mama akaliendea moja kwa moja, akanyoosha mkono kufungua mlango, vidole vikagonga ukuta. Akasema kabati hili halina majani ya chai. Tulicheka, lakini rangi haishikiki. Jumapili alikosa cha kushika akateleza ngazi zote mbili. Ni kifundo tu kilichovimba. Safari hii.

Sasa nikwambie nililokuficha, maana nimekulaumu mbele ya mashangazi wote kwamba unataka kumtupa Mama. Sikumpeleka hospitali kwa kumhurumia. Nilikuwa nimeshajaza fomu ya nyumba ya wazee, kurasa sita, na mahali pa saini yako nilitia mimi, nikaiga hata ule mkia wako. Ukurasa wa tano ulidai cheti cha afya na cha macho. Ndiyo sababu tukaenda. Wasingedai cheti cha macho, leo Mama angekuwa kwenye chumba cheupe, nami ningekuwa nawaambia watu kuwa ni wewe. Fomu nimeichana. Mama nimemwambia. Alimenya machungwa mawili, kisha akanipa moja. Nawe nisamehe.

Wifi alinitumia picha ya kabati likiwa sebuleni kwenu, akasema kila mgeni huenda kusimama pale kwanza. Namwamini, najua kuliachia kutakuuma. Nitakuja kukupakia ukuta mzima wekundu uleule, bure, na mafundi wangu wawili.

Mama anakusalimu sana, anasema umpunguzie wifi kazi za kuinama. Mshonaji naye anakusalimu, ingawa kwa kiti chake bado ana kinyongo. Gari langu halina kazi Ijumaa. Kabati ni kilo sitini na mbili, tunahitaji watu watatu wa kubeba na wewe ni mmoja wao. Sitaki tutaona, sitaki ngoja niongee na wifi. Kabati linarudi au halirudi? Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana Alhamisi.

Mdogo wako,
Bi Kipimo