Maua ya Ukuta wa Mbele

Baba Puleng,

Sisi wazima. Puleng ameng'oka jino la mbele na sasa kutwa anapiga mluzi. Ng'ombe amezaa.

Nimekandika ukuta wa mbele na kuuchora maua kwa uma tope likiwa bichi, kama kila mwaka. Mdogo wako Lefa alipoyaona akawaka.

"Shemeji, nyumba yenye msiba haichorwi. Unataka tuchekwe?"

"Msiba wa nani? Nionyeshe kaburi."

Akayafuta kwa tope. Nikachora tena.

Barua hii nampa Mokete, anarudi huko machimboni. Anasema tangu handaki liporomoke hajakuona. Jumapili ukoo wenu unaniletea nguo nyeusi. Nikishaivaa, ukuta utabaki mtupu, na wewe utakuwa umekufa.

Jana Lefa alifuta tena. Leo asubuhi nimetoka na uma wangu, nikamkuta mama yako amepiga magoti ukutani, mikono imejaa tope. Nikajiandaa kugombana naye. Kumbe anachora. Maua yake yamepinda, macho yake si unayajua.

"Mama Puleng, usinisimamie tu," akasema. "Lete maji, udongo unakauka."

Njoo kabla ya Jumapili.

Mkeo,
Mama Puleng